Anayemsomea Mume Wangu

Mimi wivu ninao, na sioni sababu ya kuuficha. Ofisini wanasema hasira zangu zinasikika hata ninavyobonyeza kibodi. Waseme. Mtu asiye na wivu hana chake, au anacho na hajui thamani yake.

Kazi yetu ni kuandika programu za kompyuta. Tuko ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu, meza zimebanana mpaka ukisukuma kiti chako unamgonga mwenzio. Mwenye ofisi tunamwita Mama. Hakumzaa yeyote kati yetu, lakini hakuna anayethubutu kumwita vinginevyo. Mama ana sheria moja ambayo haivunjwi: mistari ya programu haitoki nje mpaka mtu wa pili aisome. Huyo msomaji tunamwita jicho la pili. Wewe unaandika, yeye anapitia mstari kwa mstari, akikuta kosa anakurudishia. Akiridhika anaweka jina lake chini ya lako, na kuanzia hapo, likiharibika limeharibika kwenu wote wawili.

Jicho la pili la mume wangu lilikuwa mimi. Tena tangu hajawa mume wangu. Wengine huchumbiana kwa maua. Sisi tulichumbiana kwa makosa. Alikuwa na tabia ya kufungua mabano asiyafunge, nami nilikuwa namrudishia na maneno yangu: "Haya mabano atakuja kuyafunga shangazi yako?" Anacheka mpaka anashika mbavu. Siku aliyoniambia ananipenda aliliandika humo humo, kwenye yale maelezo ya pembeni ambayo kompyuta huyaruka na binadamu tu ndiye huyasoma. Nikamrudishia: "Umesahau nukta." Akaweka nukta. Tukaoana.

Ofisini wananiita Mkasi, kwa sababu nikisoma nakata. Na kwa kuwa wote walishanifanya dada yao, yeye wakamfanya Shemeji. Tulikuwa tumekaa hivyo kwa raha zetu, mpaka akaja yule mwanamke.

Tulimpa jina la Taratibu wiki ile ile aliyoanza kazi. Anatembea taratibu, anaandika taratibu, hata akitaka kupiga chafya unaona kama anaomba ruhusa kwanza. Hilo jina nilimpa mimi, na nilimpa kwa ubaya. Watu wakalipokea kama sifa. Ndivyo dunia ilivyo.

Mwanzoni alimwita mume wangu Shemeji kama wengine, sikuwa na neno. Mtu anayemwita mumeo shemeji anakuwa amekutambua wewe kwanza. Kisha asubuhi moja nikamsikia: "Mwenzangu, hebu njoo uone hapa." Mwenzangu! Mwenzako tangu lini? Mmelima shamba gani pamoja? Nikainua shingo. Mume wangu alikuwa ameshanyanyuka, anakwenda, tena anakwenda kwa furaha.

Nikajiambia nitulie. Lakini kulikuwa na kazi ya zahanati. Mume wangu alikuwa anaiandika, na mimi nilishapanga siku yangu ili akimaliza niisome. Kazi zake zilikuwa zinakuja kwangu zenyewe, kama mashati yake yanavyokuja kwenye pasi. Nikasubiri. Haikuja. Nikajifanya sina habari. Kesho yake Mchokozi, yule kijana wetu ambaye kazi yake ni kujaribu programu mpaka ziharibike, akageuza kiti chake kwangu huku anatafuna kalamu.

"Dada Mkasi, hongera. Naona umepata msaidizi."

"Msaidizi wa nini?"

"Wa Shemeji. Jina litakalokaa chini ya lake kwenye kazi ya zahanati si lako." Akapunguza sauti, ila si sana. "Umeletewa mke mdogo wa kazini!"

Chumba kizima kikacheka. Na mimi nikacheka, kicheko cha meno, moyoni moto. Nikamtafuta mume wangu kwa macho. Yeye hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa kwenye skrini yake kama mtoto aliyejificha nyuma ya pazia huku miguu inaonekana.

Jioni nilimsubiri akae mezani, nikamwekea chai.

"Umechoka kusomewa na mimi?"

"Una kazi nyingi. Sikutaka kukuongezea."

"Nilikulalamikia?"

"Hapana."

"Basi?"

"Basi hamna kitu, mke wangu. Tunywe chai, inapoa."

Chai ilikuwa bado inatoa moshi. Mtu anayekwambia chai inapoa na huku inamuunguza mdomo, huyo ana jambo.

Nikampigia dada yangu, yule anayeuza vitambaa. Nikamweleza yote. Akanisikiliza, halafu akauliza, "Wanatoka pamoja?"

"Hapana."

"Wanaandikiana?"

"Wanaandikiana programu."

Nikasikia anacheka, anacheka kweli kweli, mpaka akakohoa. "Mdogo wangu, wenzio wanawafumania waume zao hotelini. Wewe umemfumania wako anasomewa! Nenda kalale." Akakata simu. Mtu wa vitambaa utamwambia nini? Hajui kumsoma mtu ni nini. Ukimsomea mtu kila siku unajua anapofikiri na anapobahatisha. Unajua mahali alipoacha kazi akaenda kula, maana mstari unaofuata umetulia. Hayo nilikuwa nayajua mimi peke yangu. Sasa kuna mwingine anayafungua, taratibu, mmoja mmoja, na mimi nipo meza ya tatu naangalia kisogo.

Nilianza kwenda kwenye birika. Nilikuwa nakwenda, napita nyuma yao, narudi, nakwenda tena. Birika lenyewe halikuwa na maji. Zahanati walikuwa wameomba jambo dogo tu: wagonjwa wakifika waandike majina yao wenyewe kwenye skrini ya mapokezi, wapewe namba ya foleni, wakae. Lakini wengi walikuwa wanaandika kwa herufi ndogo tupu, na mtu mmoja akaonekana kama watu wawili, ana faili huku na faili kule. Kwa hiyo jina lisipoanza kwa herufi kubwa, skrini ilikatae. Ndicho walichokuwa wanakisoma hapo, vichwa vimeinama pamoja.

"Hapa ulikusudia nini?" Taratibu alikuwa anauliza, kidole kwenye skrini.

Mume wangu akaeleza. Akaeleza kirefu, mikono inapaa hewani, kama siku zile. Mimi sijawahi kumuuliza alikusudia nini. Ya nini? Nilikuwa naona mwenyewe alichokosea. Mstari ule ule uliokuja kututia aibu wote ulikuwa mbele ya macho yangu, unawaka, na mimi Mkasi sikuuona. Nilikuwa napima nafasi iliyopo kati ya bega lake na bega la mume wangu.

Jina la Taratibu likakaa chini ya jina la mume wangu, na programu ikaenda zahanati.

Haikukaa sana. Asubuhi moja simu ya Mama ililia, akaiweka kwa sauti ili tusikie sote. Alikuwa muuguzi mkuu wa zahanati, na hakuwa na salamu.

"Kuna mama hapa ana mtoto anachemka homa. Skrini yenu imemkataa asubuhi nzima. Anaandika jina lake, inamwambia jina lianze kwa herufi kubwa. Anafuta, anaandika tena, inamwambia yale yale. Amekwenda kukaa kwenye benchi na mtoto wake akidhani sisi ndio tumemkataa! Nimemwona kwa bahati tu."

"Mtoto yuko wapi sasa?" Mama akauliza.

"Yuko kwa daktari. Skrini nimeizima. Mkishajua kilichoisibu mtaniambia."

Simu ikakatika. Mama akatutazama mmoja mmoja, akaishia kwa mume wangu. Yeye na Taratibu wakaifungua ile kazi, Mchokozi akavuta kiti. Akaandika jina kwa herufi kubwa, likapita. Akaandika kwa ndogo, likakataliwa. Akaandika jina refu, fupi, lenye kistari katikati, lenye nafasi mbili. Yote sawa.

"Inafanya kazi!" Mchokozi akasema. "Labda huyo mama hajui kuweka herufi kubwa."

"Muuguzi ameongea naye," Taratibu akasema polepole. "Angemwonyesha."

Wakaendelea kuhangaika. Mimi nilikuwa mezani kwangu nimekunja mikono. Sikuitwa, nami siendi nisikoitwa. Jamani, nisidanganye, nilikuwa naona raha. Nilikuwa nasikia jinsi viti vinavyosogezwa na pumzi zinavyopanda, na raha inanitambaa mpaka vidoleni. Mtoto yuko kwa daktari, hajambo. Basi wacha na hawa watafute.

"Mkasi," Mama akasema hatimaye, "hebu angalia."

Nikanyanyuka. Walinipisha wote wawili, nikakaa kwenye kiti cha mume wangu, bado kina joto. Nikasoma. Mara hii sikuwa na mabega ya kupima. Nikafika kwenye ule mstari na sikuhitaji kwenda zaidi.

"Mpigie muuguzi," nikamwambia Mama. "Muulize yule mama aliandika jina lake kwa mwandiko gani."

Mama akapiga. Muuguzi akajibu kwa mshangao kidogo, "Kwa herufi za Kiarabu. Ndizo anazojua. Kwani zina shida? Skrini si ina kibodi yake?"

"Hazina shida," nikasema kwa sauti ya kufika kwenye simu na kwenye kila meza. "Shida ipo huku."

Mama akamshukuru, akakata. Nikageuza kiti kuwatazama.

"Mmeuliza hivi: hii herufi ya kwanza ni kubwa? Kama si kubwa, mnalikataa jina. Yaani mmeamini kwamba kisicho kikubwa lazima kiwe kidogo. Haya, nambieni. Alifu ni kubwa au ndogo?"

Mchokozi akaichora alifu hewani kwa kalamu yake.

"Si kubwa, na si ndogo. Mwandiko ule hauna mambo hayo kabisa. Wa Kihindi hauna. Wa Kichina hauna. Kompyuta inajua! Kila herufi ya kila mwandiko duniani imewekewa fungu lake. Kuna fungu la kubwa. Kuna fungu la ndogo. Kuna vijiherufi vichache vya ajabu, viwili vimeungana kuwa kimoja, cha mbele kikubwa cha nyuma kidogo, navyo vina fungu lao. Na zimebaki nyingi mno ambazo hazimo humo kote. Ukiiuliza lugha ya programu, alifu ni kubwa? Itakwambia hapana. Ukiiuliza, ni ndogo? Itakwambia hapana. Haijakosea popote, imekujibu ulichouliza. Mngeuliza: ni ndogo? Ikiwa ndogo ndipo mkatae. Yule mama angepita, mtoto angetibiwa mapema. Swali mmeligeuza kichwa chini! Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anajua hili."

Hilo la mwanafunzi halikuwa kweli. Hawalijui, na wakubwa wengi hawalijui mpaka liwaumbue. Lakini nilikuwa nimeshapanda juu, na mtu aliyepanda juu haambiliki.

Taratibu aliutazama ule mstari. "Ni kweli," akasema. "Niliusoma, nikaona ni sawa. Sikuwafikiria hao. Asante, dada."

Asante! Nilitaka ajitetee, nimkate vizuri. Nilitaka aseme hakuambiwa, au hakupewa muda, au mume wangu ndiye aliyeandika. Yeye ananipa asante, na macho yake makavu, hana kinyongo. Mtu wa namna hiyo unamshika wapi? Basi nikasema lile lililokuwa limenikaa kooni tangu siku ya Mchokozi.

"Haya ndiyo matunda ya kumfanya jicho la pili mtu asiyeona."

Mchokozi, mchokozi wa wote, akaangalia viatu vyake. Mume wangu alijifuta jasho usoni.

"Irekebishwe sasa hivi," Mama akasema. "Kabla ya mchana skrini iwake, na muuguzi nitampigia mimi. Shemeji, ukishaandika, nani atakusomea?"

Lilikuwa swali la kawaida, anatuuliza kila siku. Nilishamwachia kiti chake, nikavuta changu. Kweli tupu: nilishakivuta, mguu mmoja wa kiti umeshagusa meza yake. Nilikuwa naona kila kitu kinarudi mahali pake, kazi zake zinakuja kwangu kama mashati, jina langu chini ya jina lake, na huyu mwingine anatafuta mwenzie wa kulima naye.

"Taratibu," mume wangu akasema.

Nikadhani anamwita. Kumbe anajibu.

"Hata baada ya hili?" Mama akauliza, kwa upole.

"Hata baada ya hili."

Akasema bila kunitazama, akanyanyuka, akatoka kwenda kwenye ngazi kunawa uso pale kwenye bomba. Nikamfuata. Siwezi kusema nilitembea, nilifika tu. Chini tulikuwa tunasikia watu wanajaribu viatu, wanakanyaga sakafu kwa nguvu.

"Unanidhalilisha mbele za watu?" nikamwambia. "Nimekuokoa! Nimeliona kosa ambalo nyie wawili mmeshindwa kuliona, na unamchagua aliyeshindwa?"

Alifunga bomba. Maji yalikuwa yanamtiririka kidevuni.

"Umeliona," akasema. "Wewe huwa unaliona. Hakuna anayebisha."

"Basi?"

"Basi mimi nikijua utasoma wewe, siandiki." Alikuwa anazungumza chini chini, kama anayeomba radhi. "Kabla sijamaliza mstari nasikia utakavyosema. Nafuta. Naandika kile ambacho najua hutakicheka, kidogo kidogo, salama. Hujaona kazi zangu zilivyokuwa? Mwaka mzima sijaandika kitu cha maana, mke wangu. Ulikuwa unanisoma kila siku, hukuona?"

"Ulikuwa unacheka," nikasema. "Nikikurudishia ulikuwa unacheka."

"Zamani, ndiyo."

Likanijia swali lile moja tu ambalo kila mwanamke analijua.

"Unampenda?"

Akanitazama sasa, moja kwa moja, na nilimfahamu vya kutosha kujua hadanganyi.

"Hapana. Simpendi wala simchukii. Namwonyesha kazi, anaisoma. Akikosa kuona, tunakosa wote. Wewe ndiye ninayekupenda, na wewe ndiye ninayekuogopa, na siwezi kuandika hivyo."

Akanishika bega kwa mkono wenye maji, akapanda ndani.

Nilibaki kwenye ngazi. Mnajua, afadhali angesema ndiyo. Wallahi afadhali. Mwanamke anayependwa na mumeo unajua pa kuanzia: unalia, unagomba, unaita dada, unaita mama mkwe, unamfukuza. Ndugu watakushika mkono. Mwanamke ambaye kosa lake ni kwamba mumeo hamwogopi, utamfukuza kwa lipi? Utakwenda kumshitaki kwa nani?

Nikanawa uso na mimi, nikarudi. Kiti changu mtu alikuwa amekirudisha kwenye meza yangu. Wao walikuwa wameshaanza. Nikafungua kazi yangu nikaitazama bila kuisoma, masikio yote yako kule. Taratibu alikuwa anauliza jambo, sauti yake haifiki. Mume wangu akajibu. Wakainama, wanasoma.

"Aa, tazama," nikamsikia mume wangu anasema, na sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyefurahi, "hapa nimekosea tena."

Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumsikia akilisema hilo. Sikuwahi kumwachia nafasi. Nililisema mimi kwanza.